Kaboni Niliyotaka Kumpelekea Mama

Chuoni nilisomea kutengeneza kaboni yenye matundu. Tulianza na unga mweupe wa fuwele, ambazo ndani yake zina vyumba vidogo sana kama sega la nyuki. Vyumba hivyo tulivijaza kimiminika chenye kaboni, kisha tukachoma kwenye tanuri lililofungwa huku tukipitisha naitrojeni ili hewa isiingie. Fuwele zikatoweka, ikabaki kaboni nyeusi yenye nafasi tele. Ukiiweka kwenye mtungi, mtungi hubeba gesi nyingi kuliko ukiwa mtupu, bila kuisukuma kwa nguvu.

Nilirudi kijijini kwetu Itiryo na kopo la unga ule mweupe, ulioshajazwa kimiminika, nililopewa na msimamizi wangu tulipoagana. Mama alikuwa anakohoa. Daktari wa Tarime alishamwambia aache moshi wa kuni. Aliitikia kwa heshima, akarudi jikoni kwake. Ng'ombe walikuwa kwa baba mdogo, ng'ambo ya bonde, nikajenga huko mtambo wa gesi ya samadi. Iliwaka vizuri. Nilimwomba mama ahamie kule akakataa, akisema kwamba hawezi kuliacha kaburi la baba peke yake. Basi nikambebea gesi kwenye mtungi usio na kaboni. Ikazimika kabla maji hayajapata moto.

Nilipata kazi Nyakunguru, kwenye mtambo wa kuchenjua dhahabu wa mtu mmoja kutoka Shinyanga. Nilisimamia kaboni inayonasa dhahabu. Alikuwa na tanuri, nikamwomba nilitumie Jumapili.

“Kaboni yako inanasa nini?” aliniuliza.

“Gesi.”

Alinitazama kidogo, akaniruhusu.

Naitrojeni sikuwa nayo. Unga wote niliutia kwenye bomba la chuma, nikalizungushia vumbi la mkaa ili liimalize hewa itakayopenya, nikaziba kwa udongo wa kichuguu. Nilijua haitoshi. Hata ingefaulu, ingetosha kuchemsha chai ya asubuhi tu, na mimi niliitaka chai hiyo.

Kesho yake nilikuta udongo umepasuka. Ndani ya bomba mlikuwa na majivu meupe tu, kaboni imeungua. Niliyamwaga juu ya bati, nikakaa nayatazama mpaka mwenye mtambo akaja kunikumbusha kazi. Nilimpigia simu msimamizi wangu wa chuoni. Akasema kwa upole kwamba mradi umefungwa na unga ule hawatengenezi tena.

Nilikwenda nyumbani kumweleza mama. Alikuwa amekaa mlangoni, mabega yakipanda na kushuka kwa kila pumzi. Alinisikiliza mpaka mwisho.

“Mura, mwanangu,” alisema, “umehangaika vya kutosha. Nipasulie kuni, mvua inakuja.”

Nikazipasua. Nilizipanga ukutani, karibu na mkono wake, ili asiinuke kuzifuata.

Mama hakuimaliza masika. Siku ya mazishi wanawake walipika uani kwa mafiga, moshi ukaingia hadi chumbani alimolazwa, na sikumzuia yeyote, maana watu walipaswa kula. Shangazi aliniona nimesimama pale, akanituma kuteka maji.

Sasa niko Nyakunguru. Kaboni ya dhahabu huja na lori, kwenye magunia, imeshatengenezwa. Naichunguza, naipima, naimwaga kwenye tangi. Wenzangu huniita mtaalamu, nami huitikia.