Mtembea kwa Miguu wa Saa Saba

Mara ya kwanza kumwona Mbuke, watu wote walikuwa wameketi chini na yeye peke yake amesimama. Ulikuwa mkutano wa kijiji kwenye uwanja wa shule pale Mwakuluba, kwenye barabara ya vumbi itokayo Kahama kwenda Geita. Mimi nilikuwa na wiki moja tu hapo. Ukame ulikuwa umemaliza ng'ombe wetu Kishapu, nikahama na mke na binti yangu Limi, nikaanza kutengeneza baiskeli kando ya njia panda. Sikumjua mtu, na mimi si mtu wa kujitambulisha. Nilikaa nyuma kabisa, nimeegemea baiskeli ya mteja.

Kabla hajasimama, kijana wa halmashauri aitwaye Leodgar alikuwa ametueleza mpango. Kila gunia la mpunga litakalotoka litatozwa, kila ng'ombe atakayeuzwa mnadani, kila gari na kila bodaboda kwa mwaka. Fedha hizo zitaongezwa kwenye za serikali, barabara ipigwe lami na stendi ijengwe. Jambo moja tu lilikuwa halijaamuliwa. Lami ingeweza kufuata barabara ya zamani, hii inayopita kwetu, au ikakatwa njia mpya kule kaskazini, fupi zaidi, isiyo na nyumba za kubomoa. Tozo tungelipa kwa vyovyote.

Watu wakapima. Edward, mwenye Fuso la mpunga, alisema tozo yake ataihamishia kwa mwenye gunia, asije mtu kudai hakuambiwa. Mzee mmoja akauliza kama kuku wake akivuka lami naye atakatiwa risiti, tukacheka. Mama mmoja hakucheka. Alisema binti yake alishikwa na uchungu, trekta likakwama kwenye mashimo ya barabara ile, na mjukuu hakufika zahanati akiwa hai. Aliomba hilo nalo liwekwe kwenye mizani.

Ndipo Mbuke akasimama, mwanamke mrefu, mwembamba, mikono ameiweka nyuma kama mwanafunzi.

"Anayetembea kwa miguu mmemhesabu?"

Leodgar akajibu kwa upole kwamba mtembea kwa miguu halipi kitu, kwa hiyo hayumo kwenye hesabu.

"Njia ilianza na yeye," Mbuke akasema, akaketi.

Jirani yangu akaninong'oneza kuwa huyo ndiye Mama Masalu. Miaka minane nyuma, Masalu, mwanawe wa pekee, aliondoka kwa barabara hiyo kwa miguu kwenda kuchimba dhahabu Geita. Alimwambia mama yake atarudi kwa njia hiyohiyo. Mvua zilipoanza, duara, shimo la dhahabu walilokuwa wanachimba, likatitia. Wengine walitolewa, Masalu hakuonekana. Ndugu walitaka waomboleze, siku zifike waanue matanga, yaishe. Mbuke alikataa. Alisema hajaonyeshwa mtu wa kumlilia. Tangu hapo kila asubuhi alifagia uwanja wake, akavuka, akafagia na barabara mpaka ukingo wa pili. Baadaye niliona mwenyewe. Sehemu nyingine zote majani yalikuwa yanaila barabara pembeni, lakini mbele ya nyumba yake palikuwa peupe.

Nadhani swali lake lilimwingia Leodgar. Mwezi uliofuata alirudi na mabenchi mawili na fomu. Kabla ya kuchagua njia, alisema, watahesabu kila kinachopita kwa siku sita, tangu saa kumi na mbili asubuhi hadi jioni, na safari hii hata waendao kwa miguu. Alitaka watu wawili wanaojua kusoma na kuandika na wanaoweza kukaa kimya. Mbuke alikuwa na darasa la saba kama mimi. Tukachukuliwa.

Tulikaa njia panda, yeye upande wake na mimi upande wangu, tukitazamana. Sote tulihesabu vitu vilevile ili jioni karatasi zilinganishwe. Kila kinachopita unapiga mstari mmoja kwenye kisanduku cha saa hiyo, katika safu ya wanaokuja kutoka Geita au safu ya wanaokwenda huko. Peni ilikuwa ya wino na kufuta hakuruhusiwi. Tena kulikuwa na sharti moja. Tusisalimie mtu. Leodgar alisema ukiamkia mmoja atasimama akuulize habari za watoto, na huku baiskeli tatu zimepita nyuma yake.

Kwangu sharti hilo lilikuwa pumziko. Tangu utoto kumwamkia mtu kwanza kunanitoa jasho. Kwa Mbuke lilikuwa mzigo. Watu walipita wakimwambia "Mwangaluka," salamu yetu ya asubuhi, naye anabana midomo na kupiga mstari. Mwanamke mwenye ndoo kichwani alisema kwa sauti kwamba Mama Masalu siku hizi ana kalamu, hasalimiani na wabeba maji. Niliona macho ya Mbuke yakilowa.

Jioni ya kwanza jumla zetu zilipishana kwa mtu mmoja. Leodgar akatafuta, akakuta Mbuke ameandika mtembea kwa miguu mmoja zaidi, kutoka Geita, kwenye kisanduku cha saa saba mchana. Akasema ni uchovu. Siku ya pili ikawa hivyohivyo, kisanduku kilekile. Siku ya tatu pia.

Mimi niliikumbuka saa ile vizuri. Jua linasimama utosini, kivuli chako kinaingia chini ya miguu yako, bodaboda wote wamelala juu ya pikipiki zao. Hapapiti mtu. Waliobaki barabarani ni mbwa watatu wa mwenye bucha, wamejinyoosha katikati ya vumbi.

Siku ya nne nikakaza macho. Ilipofika saa saba, mbwa wale waliinuka. Hawakubweka. Wawili wakasogea upande huu na mmoja upande ule, mikia chini, kama mbwa wanavyompisha mtu anayetembea katikati ya njia. Walitazama upande wa Geita. Kisha vichwa vyao vitatu vikageuka polepole, pamoja, mpaka vikatazama upande wa Kahama. Halafu wakalala tena. Hapakuwa na upepo hata wa kutikisa karatasi. Ng'ambo ya barabara Mbuke alikuwa amebana midomo, anapiga mstari mmoja.

Siku ya tano mbwa waliinuka tena.

Jioni hiyo Leodgar hakukasirika, alisema tu ukweli. Tofauti ni ndogo, lakini inarudi kisanduku kilekile kila siku, na wakubwa wake watasema Mwakuluba wanapika hesabu. Karatasi zikipishana na kesho, atalazimika kuliacha zoezi la kwetu lote. Barabara isiyo na hesabu itaonekana haina watu, na lami itakwenda kaskazini.

Tulirudi nyumbani pamoja, mimi na Mbuke, kwa kuwa njia yetu ilikuwa moja. Kwa mara ya kwanza nikaanza mimi mazungumzo. Nilimwambia lami ikipita hapa nyumba yake itavunjwa, imeshapigwa alama ya X nyekundu ukutani. Na ikienda kaskazini, itabaki. Kwa nini basi anahangaika?

"Nyumba nitajenga nyingine," akasema. "Njia ikifa nitaijenga na nini? Yeye anaijua hii tu."

Tukatembea kidogo. Kisha akasema, "Siku tano ananipita, Baba Limi. Ananitazama usoni. Anangoja nimwamkie, na mimi nimefungwa mdomo kwa fomu."

Usiku nilikata shauri. Kama mstari mmoja ndio utakaotubakizia barabara, nitaupiga na mimi.

Siku ya sita ilipofika saa saba, mbwa wakainuka, wakapisha. Sikungoja. Nikapiga mstari kwenye waendao kwa miguu, safu ya wanaokuja kutoka Geita.

Ndipo nikasikia benchi la ng'ambo likilia. Mbuke alikuwa amesimama. Fomu ameiweka chini.

"Mwadila, Masalu," alisema. Ni salamu yetu ya mchana. Hakupaza sauti, alisema kama unavyomwamkia mtoto anayerudi kutoka kisimani.

Hakuna kilichojibu. Niliwatazama mbwa. Vichwa vyao vilikuwa vimeelekea upande wa Geita, nikangoja vigeuke kufuata upande wa Kahama kama siku zote. Havikugeuka. Walibaki wanatazama kule kule walikoanzia, shingo zinanyooka zaidi na zaidi, kama unavyomsindikiza mtu kwa macho mpaka anapotelea mbali. Mmoja alitoa sauti ndogo ya puani. Kisha wakalala.

Mbuke akaketi, akaokota fomu, akapiga mstari.

Jioni jumla zetu zililingana. Leodgar alitushika mikono akicheka. Siku zilizotangulia alichungulia visanduku kwa sababu jumla zilikataa. Siku hiyo hakuwa na sababu ya kuchungulia.

Lami ilipita kwetu. Tozo tunalipa, na Edward aliihamishia kwa mwenye gunia kama alivyoahidi, kwa hiyo mkulima anaisikia mara mbili. Lakini mama mwenye uchungu sasa anafika zahanati kabla maji hayajachemka, na hata wenye manung'uniko hawasemi turudi nyuma. Nyumba ya Mbuke ilivunjwa. Hakujenga nyingine. Wiki moja baada ya zoezi aliwaita ndugu, akachinja mbuzi, wakaomboleza na kuanua matanga. Mimi nilikuwa Kishapu kumzika mjomba wangu, sikuwepo. Niliporudi alikuwa ameshakwenda kwa dada yake Ushirombo, na huko alifariki mvua za mwaka uliofuata.

Mimi bado natengeneza baiskeli njia panda. Mbwa wa bucha hawalali tena barabarani, lami inawaunguza na magari yanakwenda kasi, kwa hiyo sina wa kunionyesha. Saa saba ikifika naweka spana chini na kutazama upande wa Geita.

Maana jioni ile ya sita, Leodgar akipakia mabenchi kwenye gari, Mbuke alichukua fomu yangu akaiweka juu ya magoti yake pamoja na ya kwake. Alizitazama kwa muda mrefu. Alitafuta kisanduku cha saa saba, akaweka kidole kwangu, akaweka kidole kwake. Mstari wangu ulikuwa kwenye safu ya wanaokuja. Wake ulikuwa kwenye safu ya wanaokwenda. Wino ulikuwa umekauka kote kuwili. Akanirudishia karatasi yangu kwa mikono miwili.

"Mimi nimemwandika anakwenda," akasema. "Wewe umemwandika anakuja. Basi akifika, Baba Limi, usione haya. Mwamkie."