Siku Niliyobishana na Tivii ya Mama

Ramadhani ile mama alikuwa hafungi. Aliteleza uani mwezi wa Rajabu akienda kuchukua udhu, akavunjika nyonga, na daktari akamkataza kufunga mpaka mfupa ushike. Tukamhamishia chumba cha mbele cha nyumba yetu ya Ngamiani, kitanda kikakaa ukuta mmoja na tivii ikatundikwa ukuta wa pili. Ile tivii, kubwa, ya kuunganishwa na intaneti, aliileta mdogo wangu ili mama asichoke kutazama dari. Yeye mwenyewe yuko Mtwara kikazi. Nyumbani tuko wawili tu, mimi na mama.

Mama alikuwa akifundisha Qur'ani watoto wa mtaa kwenye baraza yetu kwa zaidi ya miaka arobaini na mitano. Watu wazima wenye wajukuu wakipita nje bado humwita Bi Maalim. Mwanafunzi wake wa mwisho ni binti wa jirani yetu wa nyumba ya pili, ambaye alianza kwake na miaka mitano, na mwaka huo, akiwa na kumi na minne, aliingia fainali ya mashindano ya kuhifadhi Qur'ani kule Dar es Salaam. Mashindano hayakuwa yakirushwa kwenye tivii ya kawaida. Yalikuwa yakionyeshwa moja kwa moja kwenye app ya kituo kimoja cha dini, ambayo mdogo wangu alikuwa ameshatuwekea. Yangeanza saa kumi alasiri.

Wiki nzima mama alikuwa akiuliza zimebaki siku ngapi.

Usiku wa kuamkia siku yenyewe umeme ulikatika. Ulirudi baada ya jua kuchomoza, na saa tatu asubuhi nikaona ni busara nijaribu mapema. Tivii ikawaka vizuri. Nikaenda kwenye ile app, nikabonyeza, duara likaanza kuzunguka. Likazunguka mpaka mama akauliza kama imekubali. Kisha yakatokea maandishi ya Kiingereza, maana yake kwamba imeshindwa kuunganishwa, nijaribu tena baadaye. Nikajaribu tena. Ikawa vile vile.

Nifafanue hapa kwamba mimi si fundi. Nilikuwa karani wa masijala kwenye ofisi ya serikali kwa miaka ishirini na minane, nikastaafu, na kazi yangu yote ilikuwa mafaili. Lakini masijala humfunza mtu jambo moja: faili likipotea hukimbii huku na huku. Unaanza rafu ya kwanza, unakwenda nayo mpaka mwisho, ndipo unagusa ya pili. Nikachukua daftari na kalamu, nikaketi kwenye kiti cha mama cha kusalia, nikaamua nitakwenda hivyo hivyo.

Kwanza nikaizima, nikachomoa waya ukutani, nikangoja dakika tano kwa saa, nikairudisha. Duara, maandishi. Nikaandika kwenye daftari: kuzima, hapana.

Pili nikadhani kosa ni la intaneti. Kile kisanduku cha intaneti kiko juu ya kabati la vyombo, na taa zake zote zilikuwa zinawaka. Nikakizima, nikakiwasha. Simu yangu ilipokea intaneti yake bila tabu. Hata hivyo sikuridhika, nikakiacha kando, nikaigawia tivii intaneti ya simu yenyewe. Ikaunganika, lakini app ikagoma kama mwanzo. Nikaandika: intaneti, hapana.

Saa tano ikapita. Koo lilikuwa limenikauka, na nilijihisi nataka kukasirika, lakini nilikuwa nimefunga. Nikampigia mdogo wangu. Alikuwa kazini, akaongea haraka. Akaniambia nisijihangaishe, atatafuta fundi baada ya Idi. Kwa leo, alisema, nifungue mashindano kwenye simu, niiweke karibu na sikio la mama, atasikia kila kitu.

Sitaficha kwamba wazo lile lilinivutia. Nilimpelekea mama maneno yale kama yalivyo, nikitumaini atasema sawa. Jicho lake la kulia lina mtoto wa jicho, na la kushoto linaona kitu kikiwa kikubwa tu. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema:

"Sauti yake naijua, mwanangu. Mimi nataka kuuona mdomo."

Hakueleza zaidi, na kwangu haikuhitaji maelezo. Mama hufundisha kwa mdomo. Humketisha mtoto mbele yake goti kwa goti, akamshika kidevu kwa vidole viwili, akatazama kila herufi inapotokea. Herufi ya dhwad ndiyo mtihani wake mkubwa, kwa sababu ulimi hauendi mbele. Ubavu wake ndio unaogusa magego, na mtoto asipofunzwa huigeuza ikawa herufi nyingine. Binti wa jirani alisota nayo karibu mwaka mzima. Nilikuwa nikiwasikia nikiwa jikoni. Dhwad, tena. Dhwad, tena.

Nami nilishikwa kidevu hivyo hivyo nilipokuwa mdogo. Nilifika juzuu ya tatu, nikafaulu kwenda sekondari, nikaacha. Mama hakunigombeza. Hakulizungumza kabisa, si siku ile wala miaka iliyofuata, na kule kutolizungumza kwake nimekaa nako umri wangu wote. Watoto wa watu wamehitimu kwenye baraza yetu, kundi baada ya kundi, na mimi, mwanawe wa kike wa pekee, ndiye niliyekuwa nikiwapikia kaimati siku za hitima. Kwa hiyo aliposema anataka kuuona mdomo, nilirudi kwenye kile kiti nikajiambia kwamba tivii hii itafunguka, na nitaifungua mimi.

Nikampa uji wake wa adhuhuri, nikasali, kisha nikapiga simu huduma kwa wateja ya ile app. Nikangoja sana. Aliyepokea alikuwa msichana mwenye adabu, akaniamkia shikamoo, akasikiliza. Akanishauri niifute app kwenye tivii na kuipakua upya. Nikamuuliza kama ana hakika. Akasema ndiyo, mama, kwa wengi husaidia.

Nikaifuta. Kisha nikaingia kwenye duka la tivii lenye app zote ili niipakue upya, na duka nalo likaanza kuzungusha duara. Likatoa maandishi yale yale.

Sasa nilikuwa sina hata kile kidogo nilichokuwa nacho asubuhi. Nikapiga tena huduma kwa wateja, simu ikaita mpaka ikakatika. Saa ilikuwa nane kasoro robo. Mama akauliza, "Imekubali?" Nikamjibu bado. Hakuuliza tena tangu hapo.

Nilipotulia nikaliona jambo ambalo nilipaswa kuliona mapema. Kama duka nalo limegoma, basi kosa si la app. Kuna kitu kwenye tivii yenyewe kinachofanya app na duka vyote viwili viikatae. Nikaingia kwenye mipangilio na kuanza rafu ya kwanza. Picha. Sauti. Mtandao. Lugha. Kila ukurasa niliufungua, nikausoma wote, Kiingereza changu cha ofisini kikinisaidia, nikaandika nilichokiona hata kama hakikuwa na maana kwangu. Mtu angeniona angedhani nahesabu mali ya mirathi.

Kwenye ukurasa wa saba nikakuta tarehe. Tivii ilikuwa inaamini kwamba ile ni siku ya kwanza ya Januari, na mwaka iliouandika ulikuwa wa nyuma sana, kabla hata mdogo wangu hajafikiria kuinunua. Umeme ulipokatika, saa yake ilirudi mwanzo.

Nilikaa nikiitazama ile tarehe. Kama ningekuwa mtu mwingine labda ningeipita, maana tarehe ina uhusiano gani na app? Lakini mimi nimekaa dirishani miaka ishirini na minane. Mtu akikuletea barua leo, nayo imeandikwa tarehe ya miaka iliyopita, huipokei. Unamrudishia, hata kama kila kilichoandikwa ndani ni kweli. Nikaona huenda huko mbali kunakotoka hizi app pia kuna karani dirishani, anaitazama tivii yetu na tarehe yake, anairudishia barua yake kila mara.

Nikazima kile kipengele cha kujiwekea saa chenyewe, ambacho kwa vyovyote kilikuwa hakifanyi kazi yake. Nikaingiza siku, mwezi, mwaka, saa na dakika kwa mkono, nikizisoma kwenye simu. Nikarudi kwenye duka.

Likafunguka. Picha zote zikajaa kwenye kioo kama vile hakujawahi kuwa na tatizo. Niliitafuta ile app, nikabonyeza ipakuliwe, na mstari mwembamba ukaanza kutambaa. Ulitambaa polepole mno, nami nilikuwa nikiutazama huku nimeishika rimoti kwa mikono miwili.

Mama alikuwa ananitazama mimi. Akaniambia nisogee. Nikaenda nikaketi ukingoni mwa kitanda.

"Wewe nilikuharakisha," akasema.

Nikadhani anazungumzia tivii, nikamwambia hapana mama, bado kuna muda. Akatikisa kichwa.

"Kwenye dhwad. Wewe ulikuwa wa kwanza, nilikuwa sijajua kufundisha bado. Nilikuwa na haraka ya kuwaonyesha watu kwamba mwanangu anasoma. Baadaye nilijifunza kungoja, lakini ulikuwa umeshaondoka."

Nilitengeneza shuka lake ambalo halikuwa limeharibika. Nilitaka kumuuliza kwa nini hakuniambia miaka yote ile, lakini nilijua angeniuliza kwa nini sikumuuliza, na angekuwa na haki. Nikamshika mkono tukawa tunautazama ule mstari pamoja.

Ulipofika mwisho ilikuwa saa tisa na nusu. App ikafunguka na kudai neno la siri. Akaunti ilikuwa ya mdogo wangu, nami neno lenyewe sikulijua. Nikampigia, hakupokea. Nikapiga tena na tena. Mara ya nne akapokea kwa sauti ya chini, yuko kikaoni, akanikumbusha kwamba alishaniambia nisubiri fundi. Nikamwambia fundi hahitajiki tena, nipe neno la siri. Akasema hata yeye amelisahau. Nikamwambia basi nitaomba jipya, namba zitakuja kwenye simu yako, na usiiweke chini mpaka uzisome. Sijawahi kumsemesha hivyo tangu alipokuwa akienda shule na kaptula. Akatoka kikaoni. Namba zikaja, akanisomea moja moja, nikaziingiza kwa rimoti, kisha neno jipya herufi kwa herufi, nikikosea na kufuta. Tulipomaliza akaniuliza kosa lilikuwa nini. Nikamwambia tarehe. Akasema, "Dada, nikitoka kikaoni nami nitayatazama kwenye simu. Muwekee mama sauti kubwa."

Ukumbi ukatokea kwenye kioo, mazulia mekundu, majaji wamekaa nyuma ya meza ndefu. Nikaweka mito mitatu nyuma ya mgongo wa mama na kumsogeza pamoja na godoro, maana nyonga haikuruhusu mengi. Akaomba miwani yake.

Binti wa jirani alikuwa wa sita kusoma. Alivaa baibui nyeusi na mtandio mweupe, akaonekana mdogo kuliko alivyo kwetu mtaani. Alipofungua kinywa, kamera ikamsogelea, uso wake ukajaa kioo kizima. Mama akainama mbele kiasi alichoweza. Midomo yake mwenyewe ilikuwa inakwenda, bila sauti, nusu hatua mbele ya ile ya mtoto.

Swali la kwanza akapita. La pili akapita. Kwenye la tatu akasita katikati ya aya, akarudi nyuma, akaichukua njia isiyo yake, na kengele ya majaji ikalia. Mama hakushtuka. Aliitamka ile sehemu iliyompotea binti, pale kitandani, kwa utulivu kama wamekaa barazani wawili. Mtoto akafumba macho kidogo, akaipata, akaendelea mpaka mwisho.

Alikuwa wa tatu. Walipotangaza, mama akavua miwani akaifuta kwa ncha ya kanga. Akaniambia nimfungulie simu arekodi ujumbe. Nikamshikia karibu na kinywa. Alimsalimu mtoto, akamtaja mama yake, kisha akasema, "Ile aya iliyokusumbua tutaikalia ukirudi. Lakini nimeuona mdomo wako mwanzo mpaka mwisho, na herufi zako zote zimetoka mahali pake." Akanipa ishara nikautuma.

Kulikuwa kumebaki nusu saa magharibi iingie, nami sikuwa nimeweka hata sufuria motoni. Nilimwambia mama leo tutafuturu tende na maji. Akasema niende nyumba ya pili, kwao yule mtoto leo lazima wamepika sana. Nikajitanda kanga nikatoka.