Kisu cha Mtoto wa Darasa la Nne

Juzi sokoni Tabora, kwenye banda la vyuma, baba mmoja alikuwa anamchagulia binti yake kisu cha kukunja. Mtoto ni wa darasa la nne, sare imepauka.

“Cha kumenyea maembe, eti mama?” muuzaji akamtania.

“Cha njiani,” baba akajibu. “Kuna mtu anamvizia porini akienda shule. Mwenyekiti wa kijiji nimemwambia, kasema tuwe na subira.”

Tabasamu la muuzaji likakatika. Akachagua kisu kidogo, chepesi kufungua kwa kidole gumba. Binti akanyoosha mkono, lakini muuzaji akakiweka juu ya meza.

“Okota mwenyewe, mama. Kisu hakipokelewi mkononi, watu wasije wakagombana.”

Mtoto akakiokota, akakitazama. “Na yule mtu, naye nimwekee chini?”

Baba akajifanya anahesabu misumari. Muuzaji akafuta meza isiyo na vumbi.

Mimi, graduate asiye na ajira, nilisoma child protection semesta nzima. Kumbe policy yenyewe inakunjika, inaingia mfukoni mwa sketi.