Kwete Ambayo Watu Waliogopa Kunywa

"Mmelima muhogo yangu siku mbili, sasa kwete iko tayari na nyinyi mnasimama mbali kama mimi ni chui!" Agnes Keji alifoka, mikono kiunoni.

"Mama, si wewe. Ni ile chuma," jirani yake Soro alijibu kutoka barabarani. Ua hakuuvuka.

Keji ni mjane wa mwanajeshi, hapa Koboko. Majirani humlimia, naye huwalipa kwa kwete, pombe ya mahindi. Asiyelipa, msimu ujao atalima peke yake, na mgongo wa Keji umekwisha.

Balaa ilianza Jumatatu. Lori la kampuni ya barabara lilipinduka njia ya Arua, likavunja mashine ya kupimia lami. Ndani yake mlikuwa na chuma chenye mionzi, sumu isiyo na harufu wala rangi. Nani alijua? Keji, akitoka sokoni, aliokota hapo njiani kipande cha chuma hicho, kidogo kama ngumi, kizito kupita jiwe. Akafurahi. Akakiweka juu ya kifuniko cha mtungi wa kwete, panya wasifunue. Siku tatu alilala nacho chumba kimoja.

Kisha askari wakafunga barabara. Mabasi ya Arua yakakwama, wagonjwa wa kwenda hospitali ya Kuluva wakarudishwa. Redio ikasema aliyeokota chuma asikishike tena. Keji alikuwa akikoroga uji. Aliketi chini, mwiko mkononi.

Alipotoa habari, wakaja watu wenye nguo nyeupe na kipimo cha mionzi. Mlangoni kililia polepole. Ndani kikalia kama mvua juu ya bati. Chuma wakakichukua kwa koleo refu. Keji wakamtoa damu, majibu baada ya wiki mbili. Mtungi ulipobaki peke yake wakaupima: kimya.

"Hii pombe iko salama," afisa alisema.

Nani amwamini? Njia ilikuwa bado imefungwa.

"Mama, tumesamehe deni," Soro alisema. "Mwaga tu."

"Usinisamehe! Mwaka kesho nitaita nani?" Keji aliukumbatia mtungi.

Jirani mwingine, Margarita, alilima mistari mingi kuliko wote, na ni mwoga kuliko wote. Radi ikipiga huingia chini ya kitanda. Alivuka ua akinong'ona sala, akachota kwete kwa kibuyu. Meno yakagonga ukingo.

"Nikikufa, Keji, utalisha watoto wangu."

"Watoto wako wanakula sana. Usikufe."

Margarita akameza mpaka mwisho.

"Umenilipa," alisema, akakimbia nyumbani kuoga.