Mama hataki kulishwa na mwengine, na mimi nimechagua kwenda mlimani siku nne

Assalam alaykum nyote, na admin ahsante kwa kunipokea. Naomba jina langu lisitokee kabisa, maana nusu ya ukoo wetu wamo humu na wanasoma kila kitu kimya kimya.

Mimi ni mwanamke wa miaka arobaini na tisa, Muomani, wazee wangu walitoka Unguja. Nafanya kazi wizarani, Al Khuwair, na naishi Sib na mama yangu mzazi. Niliolewa nikaachika, sikujaaliwa mtoto, basi kwetu wakaona mimi ndiye mwenye nafasi. Hakuna aliyekaa kikao akaniuliza. Mama alipoanza kusahau aliletwa kwangu na mabegi yake, na ndugu zangu wakarudi makwao.

Sasa ni mtu mzima sana. Moyo wake umechoka, daktari ameshatwambia. Ananisahau jina, lakini mkono wangu anaujua. Nikimlisha anakula. Akilishwa na mwengine anafumba mdomo kama mtoto anayepewa dawa. Kwa hiyo namlisha kabla ya kazi, narudi mbio kwenye foleni ya magari nimlishe tena, na simu yangu haipumziki. Kaka anauliza mama kala nini, dada aliyeko Sohar anauliza mama kalala vipi. Kuuliza wanajua. Kuja ndiyo shida.

Kitu pekee nilichonacho changu ni matembezi. Ijumaa asubuhi natoka na wanawake wenzangu wa ofisini tunapanda milima, saa chache tu, mama akiwa bado amelala. Hao ndio walioleta fikra ya kwenda Peru, kuona magofu ya mji wa Wainka, Machu Picchu. Unaweza kwenda kwa treni ukatazama ukarudi hotelini siku hiyo hiyo. Au unaweza kwenda kwa miguu na kiongozi na wapagazi, siku nne, unalala kwenye hema, mpaka unatokea juu ya magofu yenyewe. Mimi nikachagua miguu. Kibali kimeshatoka kwa jina langu na pasipoti yangu. Hakihamishwi kwa mtu mwengine wala kwa siku nyengine.

Nilipomwambia kaka yangu alicheka kwanza. "Milima unaitaka? Si hii hapa nyuma ya nyumba yako? Na kama ni magofu, twende Unguja nikakuoneshe ya kasri la Mtoni, angalau waliolijenga tunawajua." Alipoona sicheki, akabadilika. "Basi nenda kwa treni, simu iwe mkononi. Mama akiondoka asubuhi, alasiri tunazika. Hatukungoji, unajua hilo."

Nikamwambia, "Kaka, hata nikiwa hotelini sitowahi. Peru si Dubai."

Akasema, "Angalau utajua. Utalia siku ile ile tunayolia sisi. Huko mlimani utakuwa unapiga picha na mama yako yumo kaburini."

Maneno hayo yamenikaa kifuani mpaka leo.

Mwezi uliopita tulijaribu. Nilikwenda Jabal Akhdar na wenzangu kufanya mazoezi, tukalala huko, na mke wa kaka akaja kutoka Madinat Sultan Qaboos kukaa na mama. Mama hakula. Maji tu, tena kwa taabu. Niliporudi nilimkuta midomo imekauka. Nikampikia bokoboko, akala sahani nzima, kisha akanitazama akasema, "Umerudi? Nikajua umeshaolewa." Nilicheka, halafu nikaingia jikoni nikalia sana.

Kule jikoni msichana wetu wa kazi, Mganda, akanifuata. Akaniambia, "Madam, tafadhali usiniache na yeye peke yangu siku zote hizo. Akikataa kula, watasema ni mimi." Na ni kweli, watasema. Wifi yangu ameshakataa kurudi. Anasema hawezi kubeba dhamana ya roho ya mtu. Mimi niliyeibeba miaka yote hii sikuwahi kujua kwamba mtu anaweza kukataa.

Sasa nitoe la moyoni, na mkinitukana nitanyamaza. Magofu yenyewe siyajui sana. Nilipochagua njia ile ndefu, wenzangu walikuwa wanalalamika kwamba kiongozi ameandika njiani simu haishiki. Mimi niliposoma hapo ndipo nikatuma pasipoti yangu. Nilizitaka zile siku ambazo hakuna atakayeweza kuniita. Nimechoka, jamani. Nampenda mama yangu, wallahi nampenda, na nimechoka mpaka mifupa. Naogopa afe nikiwa mlimani. Na naogopa pia kwamba siku ya kwanza tu nikishalala kwenye lile hema nitapata usingizi mzuri, na asubuhi sitomkumbuka.

Wiki ijayo lazima nithibitishe kama naenda. Kaka anasema nikienda nisimhesabu ndugu. Wenzangu wanasema nisipokwenda sasa, nikipata nafasi magoti yatakuwa yamekwisha. Na nafasi hiyo nitaipata lini? Mnajua nyote ni lini. Hilo ndilo linalonitisha, kwamba nimeanza kuingojea.

Jana nilipokuwa namlisha alinishika mkono, akaniuliza, "Unakwenda wapi, mwanangu?" Hakuna aliyemwambia kitu. Nikamjibu, "Siendi popote, mama. Nipo." Akala.

Sijui kama nilimwambia kweli au nilimdanganya. Nyinyi mliouguza wazazi, na nyinyi mliowazika mkiwa mbali, niambieni. Niende?