Mshereheshaji Anayetunza Kicheko Kimoja

Ukumbi umejaa, bibi harusi yuko njiani, na mshereheshaji bado anagombana na feni.

"Hii izimwe," anamwambia fundi wa muziki, huku amefunika shavu la kulia kwa leso.

"Mzee, watu watakufa kwa joto."

"Wafe wakicheka. Izime."

Feni inazimwa. Mshereheshaji anapanda jukwaani, anashika kipaza sauti na kuwatazama wageni kama mtu aliyetumwa kuwakatia maji. Anatangaza kwamba bwana harusi ni mpole kupita kiasi: siku ya posa wakwe walimtafuta nyumba nzima, kumbe ndiye aliyekuwa akiwafungulia soda. Watu wanashika mbavu. Usoni mwake hakitikisiki kitu.

Kwa uso huo amepewa jina la Sanamu, na ndilo aliloandika kwenye kadi zake za kazi. Wateja wanamfuata kwa sababu hiyo. Wengi hawajui kwamba hapo hakuna usanii wowote. Akicheka, anaumia.

Sanamu, mwenye umri wa miaka 52, anaugua maradhi adimu ya mshipa wa fahamu wa uso. Kucheka, kutafuna, kupiga mswaki, hata upepo ukimpitia shavuni, vyote vinaweza kuyaamsha maumivu.

"Ni kama mtu kakuchomeka waya wa umeme kwenye taya, halafu anakuuliza kama umesikia," anasema. "Yanakuja, yanapiga, yanaondoka. Ukifika hospitali hayapo. Unabaki kumsimulia daktari habari za mgeni aliyekwisha kuaga."

Yalimwanza miaka tisa iliyopita, asubuhi, mswaki ukiwa mdomoni. Akadhani ni jino. Daktari wa meno naye akadhani ni jino, akaling'oa. Maumivu yakabaki palepale, ikaonekana basi mkosaji ni jirani yake, naye akang'olewa. La tatu liling'olewa kwa ajili ya uhakika.

"Yote matatu yalikuwa mazima," anadakia mkewe, fundi cherehani anayeshonea sebuleni, bila kuinua macho kwenye kitambaa. "Tungeendelea vile, leo ningekuwa namsagia chakula."

Ndugu nao hawakukaa kimya. Shemeji mtu alisema ni baridi imemwingia. Mama mkwe alisema mwanamume anadeka. Sanamu mwenyewe akaamua kufunga mdomo, maana mshereheshaji mgonjwa nani atamwita?

Siri hiyo ilikaribia kufichuka miaka mitatu iliyopita. Katika harusi moja, mzee mmoja aliomba nafasi, akawausia maharusi kwa kirefu, akabubujikwa na machozi, akawakumbatia wote wawili. Alipovaa miwani ndipo akagundua kwamba harusi aliyoalikwa ilikuwa ukumbi wa pili.

Sanamu akacheka. Kabla kicheko hakijaisha alikuwa amepiga magoti, ameshika shavu, kipaza sauti kimeanguka. Ukumbi mzima ukasimama kumpigia makofi. Walidhani ni sehemu ya mchezo.

Wiki iliyofuata mteja mpya akapiga simu. "Na ile ya kupiga magoti usiisahau," alisema. "Watu wameisifia sana."

"Nililia," anasema Sanamu. "Mke wangu akacheka. Halafu akalia na yeye."

Kesho yake mkewe akamkokota hadi kwa daktari mwingine wa meno. Huyu alilitazama jino la nne, ambalo Sanamu alikuwa tayari kulitoa sadaka, akakataa kuligusa. Akamwelekeza kwa daktari wa mishipa ya fahamu. Baada ya vipimo na njoo-kesho nyingi, maradhi yakapata jina na Sanamu akapata vidonge, vya aina ambayo hupewa pia wagonjwa wa kifafa.

Mwanzoni vilimlewesha. Katika harusi moja alimkaribisha bwana harusi akate keki na mama mkwe wake. Dozi ikapunguzwa. Siku hizi maumivu humjia kwa nadra, lakini kicheko bado hakiaminiki.

Ndiyo maana nyumbani kwao kichekesho hakiingii hivihivi.

"Tunapiga hodi," anaeleza mkewe. "Unasema, hodi, nina jambo la kuchekesha. Akiwa tayari anasema karibu, anashika shavu lake, unasema. Kama hayuko tayari, kaa nalo."

Binti yao wa pekee, mwalimu wa shule ya awali, anaukumbuka wakati ambao hodi haikuhitajika. "Baba alikuwa anacheka mpaka majirani wanakuja kuuliza kuna nini."

Alikuwa na miaka kumi na mitano maradhi yalipoanza. Siku moja alirudi nyumbani mbio kutoka shuleni na kisa cha mwalimu wa hesabu na mbuzi aliyeingia darasani. Alipofika katikati, baba yake akainuka, akaingia chumbani na kufunga mlango.

"Nilijua amenichoka," anasema. "Sikumpelekea tena kisa chochote."

Ilipita miaka sita kabla ya kuambiwa baba alikuwa anafanya nini nyuma ya mlango ule: ameshika shavu, anangoja yapite.

"Meno matatu siyalilii," anasema Sanamu. "Hiyo miaka naililia."

Binti anaolewa mwezi ujao. Sanamu amekataa kushika kipaza sauti siku hiyo. Amempa kazi mwenzake, yeye akae mbele kama baba. Upasuaji unawezekana, daktari amesema, ila foleni ni ndefu na harusi haisubiri. Ameamua kusema hadharani sasa kwa sababu siku hiyo watu watajionea wenyewe: amemwomba binti yake asimame akisimulie kile kisa cha mbuzi mpaka mwisho, ambao hajausikia hadi leo.

Mkewe hakufurahi. "Harusi ya mtoto, baba mtu upige magoti?"

"Watapiga makofi. Wameshazoea."

Mama ameridhia, kwa sharti kwamba atakaa upande wake wa kulia na leso mkononi, na feni zote ziwe zimezimwa. Binti ndiye bado anasita. Anasema hataki siku yake ya furaha iwe ya kumuumiza baba.

Sanamu anafunika shavu lake na kutazama dirishani.

"Nimemwambia, mwanangu, wewe piga hodi tu," anasema. "Mimi nitasema karibu."