Ng'ombe Walioninyima Chuo

Nilinyimwa msaada wa kusoma chuo kikuu kwa sababu ya ng'ombe ambao hatukuwa nao.

Zizini walikuwepo, siwezi kukataa. Walikula, walikunya, walipiga kelele. Ila hawakuwa wetu hata mkia.

Sasa nina miaka themanini na ushee na hasira bado ni ya moto, kwa hiyo mtanivumilia.

Naitwa Mageni. Kwetu ni kijiji kimoja upande wa Kolandoto. Baba yangu, Thobias, alilima pamba kwa jembe la mkono. Mwanzoni mwa miaka ya sitini nikapata nafasi chuo kikuu kule Kampala. Msichana wa Kisukuma, enzi zile! Kilichobaki ni ada.

Ushirika wetu wa pamba ulikuwa na mfuko wa masomo. Kila mkulima alikatwa kidogo kwenye mauzo yake, na kila mwaka mfuko ulimsomesha chuo kijana mmoja ambaye wazazi wake hawajiwezi. Mmoja tu.

Mwaka ule tukaomba wawili, mimi na Donatus.

Donatus alikuwa mtoto wa Bujiku. Na Bujiku ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kamati ya mfuko. Mnauona mchezo unavyoanza?

Tangu nazaliwa, Bujiku alijulikana kwa mali. Lakini nilipomaliza shule ya bweni na kurudi nyumbani nikaambiwa jamaa kafilisika, ng'ombe wameisha kwa ugonjwa. Siku hizo alivaa kaptula yenye kiraka matakoni, anatembea kwa miguu, baiskeli kaificha. Zizi lake lilikuwa limeota majani.

La kwetu, sasa, lilikuwa limejaa.

"Baba, hawa ng'ombe ni wa nani?"

"Nalisha tu," akajibu.

Niwaeleze wasiotujua. Usukumani mwenye ng'ombe wengi hawarundiki zizi moja. Anawagawa kwa watu wawalishe. Mlishaji anapata maziwa na samadi, na siku mwenyewe akifurahi, anapewa ndama. Sharti ni moja: mlishaji hamtaji mwenye ng'ombe. Hamtaji kwa mkewe wala kwa mtoza kodi. Akimtaja, hapewi tena maisha yake yote.

Kwa hiyo sikuuliza mara ya pili.

Kamati ikaja kukagua. Watu watatu, Bujiku mbele na kiraka chake. Mama, Nyamizi, akawatolea viti.

"Mwangaluka," baba akawasalimu.

Bujiku hata hakukaa. Alinyoosha moja kwa moja hadi zizini, akawaangalia ng'ombe, kisha akapaza sauti majirani wasikie.

"Baba Mageni! Zizi lote hili, halafu unaomba hela ya maskini? Huna aibu?"

Baba akafunga mlango wa zizi.

"Na binti mwenyewe kashakuwa mtu mzima. Muozeshe, uongeze ng'ombe wengine!"

Wenzake wakacheka. Nilitamani kumpaka mavi ya ng'ombe usoni, na yalikuwepo ya kutosha.

Walipoondoka nilimlipukia baba.

"Si ungesema tu kwamba si wako? Neno moja tu, baba!"

"Siwezi, ng'wanawane, mwanangu."

"Unatunza siri za watu, mtoto wako anabaki kijijini!"

Mama alinivuta jikoni. Nililia mpaka kichwa kikauma. Nilimchukia baba yangu siku ile, nasema wazi, nilimchukia.

Wiki iliyofuata wanachama wote wakaitwa kwenye ghala la pamba. Bujiku akasimama na kutangaza: Donatus, mtoto wa maskini, amepata. Mageni, mtoto wa mwenye mali, amekosa.

"Kuna mwenye neno?"

Baba akasimama. Mtu ambaye kwenye mikutano hata kukohoa hakohoi!

"Mwenyekiti, mimi nauliza tu. Hao ng'ombe walioko kwangu, kamati inasema ni wa nani?"

"Wako. Wa nani tena?"

"Hakuna mwingine anayewadai?" Baba akageuka, akawaangalia watu wote, kisha akarudisha macho kwa Bujiku. "Hata wewe mwenyekiti, unavyojua wewe, hakuna?"

Bujiku akamtupia jicho mwanawe. Donatus alikuwa amekaa mstari wa mbele, na ghala zima lilikuwa linasubiri jibu.

"Hakuna! Ni wako, Thobias. Kaa chini, usitupotezee muda."

"Asante," baba akasema. "Wote mmesikia."

Akakaa. Mimi nilidhani amechanganyikiwa.

Siku ya mnada, baba alikuwa Kagongwa na madume manne. Alimuuzia mchuuzi mmoja aliyekuwa anachinjia wachimbaji wa dhahabu kule Nyarugusu. Akarudi na ada yangu, na sanduku la bati kichwani.

Habari zikamfikia Bujiku. Alikuja na baiskeli, mbio, hata umaskini wake kausahau.

"Thobias! Ng'ombe wangu wako wapi?"

Nilikuwa uani nachambua pamba. Ng'ombe wake?

"Wako?" baba akauliza. "Si ulisema walikufa wote?"

"Usinichezee! Mimi nilikukabidhi..."

"Sema kwa nguvu, Baba Donatus. Mama Mageni yuko jikoni, hajasikia vizuri."

Bujiku akageuka kuangalia mlango wa jikoni. Hapo ndipo nilipoelewa. Aliwaficha ng'ombe kwetu ili mwanawe aonekane fukara, halafu akatumia ng'ombe walewale kunikata mimi. Akisema ni wake, Donatus hana chuo. Akinyamaza, wamekwenda.

"Wale wanne ni ada ya mtoto uliyemnyima," baba akamwambia. "Mwakani nitauza tena. Ukiwataka waliobaki, waite watu walewale ghalani, useme ni wako. Nitawaswaga mwenyewe hadi kwako."

"Wewe ni mwizi!"

"Mbele ya watu uliniita tajiri. Amua lipi ni kweli."

Akapanda baiskeli akaondoka. Mkutano hakuita.

Mimi na Donatus tulipanda treni moja hadi Mwanza, na meli moja kwenda Uganda. Miaka yote ya chuo sikumsalimia, na sijutii.

Tulipomaliza, baba aliwaswaga ng'ombe waliobaki hadi kwa Bujiku, pamoja na ndama wote waliozaliwa. Hakubakiza hata mmoja.

Ila watu, bwana! Walijua fika uchafu wa Bujiku, na bado walisema Thobias aliuza ng'ombe wa kukabidhiwa. Mpaka anaingia kaburini hakuna aliyempa tena hata ndama wa kulisha. Wadogo zangu walikua wanakunywa uji mtupu. Bujiku yeye alizidi kuchaguliwa.

Siku hizi naona vijana mnavyogombea misaada ya vyuo, na wengine wenu baba zenu wana magari mnaandika hawajiwezi. Nawaambieni bila kuwabembeleza: ukijifanya maskini ukachukua fungu la maskini, kuna nyumba umeiingiza kwenye shida na hutaiona.

Kijijini mpaka leo wanasema nilisomeshwa na ng'ombe wa Bujiku. Waongo wakubwa. Nilisomeshwa na jina zuri la baba yangu, na alikufa hajalipata tena.